Zimwi la Saa Sita na Dakika Saba

Kitabu hiki nilikinunua Mwembe Tayari, Mombasa, kwa shilingi 350, kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai lake kando ya barabara: riwaya upande huu, vitabu vya shule upande ule, misahafu na Biblia juu ya kreti ili zisiguse chini. Alianzia 500. Nikamwonyesha ukingo wa kurasa uliojikunja kwa maji. "Mama, hayo si maji," akasema, "hayo ni machozi ya mwenyewe wa kwanza." Nikacheka, nikamshusha bei, nikaondoka zangu. Sikujua kuwa yule bwana husoma anachouza.

Kitabu chenyewe ni A Monster Calls cha Patrick Ness, chenye picha za Jim Kay, kilichotoka Uingereza mwaka 2011. Kurasa zinapita 200 kidogo, lakini picha zimekula nyingi, kwa hiyo msomaji wa miaka kumi na miwili hachoki. Nilikichukua kwa sababu ya jalada. Mwana wa dada yangu, tunayemwita Bwana Mdogo, anapenda mambo ya mazimwi na mapanga, nami nikaona zimwi, nikatoa pesa. Maelezo ya nyuma sikuyasoma. Ningeliyasoma nisingelikinunua, maana kinamhusu mvulana ambaye mamake anaumwa na hatapona, na Bwana Mdogo alikuwa amezika mamake miezi minane nyuma.

Tulipogundua tulikuwa tushafika ukurasa wa ishirini na kitu. Nikataka kukifunga. Bwana Mdogo akaniangalia tu, akafungua ukurasa uliofuata.

Kwanza niseme habari ya picha, maana hapo ndipo ninapopajua. Mimi nina duka dogo la fotokopi karibu na Makadara, wino ni chakula changu. Picha za Kay ni nyeusi juu ya nyeupe, hazina rangi nyingine, na hazikai ndani ya fremu zao. Zinamwagika. Utakuta miiba na matawi yameingia pembezoni mwa maneno, kama mashine iliyopasuka katriji usiku bila mtu kujua. Bwana Mdogo alinisihi nimtolee nakala ya ukurasa mmoja wenye zimwi ili aubandike ukutani. Nikautia kwenye mashine. Ukatoka mweusi tii, macho hayaonekani, na wino ulioliwa ungenitolea barua thelathini za watu. Ameubandika hivyohivyo. Anasema ni zimwi likiwa limekaribia sana. Ukikitafuta kitabu hiki, hakikisha unapata nakala yenye picha.

Tulisoma usiku baada ya isha, watu watatu: Bwana Mdogo, mimi, na bibi yake, yaani mamangu mzazi. Tunakaa Kuze, Mji wa Kale, na nyumba zetu unazijua, jirani akipiga chafya unamwambia afya. Bwana Mdogo husoma Kiingereza kwa sauti, mimi namfasiria bibi kipande kwa kipande. Neno la kwanza tu likatukwamisha. Nilisema jini. Bibi akanikatiza. "Jini ana dini yake, ana mji wake, ana mke na watoto. Huyo anakuja kumla mtoto wa watu?" Nikamwambia ndivyo anavyotisha. "Basi hilo zimwi. Usiwasingizie majini." Tangu hapo likawa zimwi.

Kitabuni mvulana anaitwa Conor, ana miaka kumi na mitatu, anaishi na mamake peke yao. Baba yuko Marekani na mke mwingine na mtoto mwingine. Nyuma ya nyumba kuna kanisa juu ya kilima, lina makaburi, na katikati ya makaburi umesimama mti wa yew. Mti huo kwetu haupo. Ni wa nchi za baridi, una majani membamba kama sindano, una sumu, unaishi karne na karne, na Waingereza wameuzoea kwenye viwanja vya makanisa yao. Nilianza kueleza hayo yote, Bwana Mdogo akasema, "Kama mbuyu," na kazi ikaisha. Mtu aliyekulia kisiwa hiki, akapita Mama Ngina magharibi miti ile ikianza kuwa vivuli, au akaona watu wanaopeleka ubani na marashi kwenye mnara wa Mbaraki, hahitaji kusimuliwa zaidi juu ya mti wenye mtu ndani. Usiku mmoja mti ule unang'oka, unajikusanya ukawa kiumbe, unakuja dirishani. Saa ya kitabuni inasema 12:07. Kwetu sisi ni saa sita na dakika saba ya usiku, wakati ambao bibi hataki mtu afagie wala apige mluzi.

Zimwi halimtishi mtoto. Ana jinamizi lake mwenyewe linalomtisha zaidi, na hilo hataki kulisema. Zimwi linamwambia: nitakuja mara tatu, kila mara nikupe hadithi, kisha ya nne utanisimulia wewe, nayo itakuwa kweli yako, na ukinidanganya nitakula. Bibi akatikisa kichwa. "Halimli hilo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nilidhani ametaja methali kwa mazoea, kama anavyotaja methali kwa kila kitu hadi bei ya nyanya. Kumbe kaufupisha mwisho wa kitabu usiku wa pili.

Kabla sijaendelea, habari moja ya nje ya hadithi, iliyonigusa kuliko nilivyotaka. Mwenye wazo la kitabu hakuwa Ness. Alikuwa Siobhan Dowd, mwandishi wa vitabu vya vijana aliyekuwa akiugua saratani ya matiti. Alifariki Agosti 2007 akiwa na miaka 47, akaacha wahusika, mpango na mwanzo. Ness hakuwahi kukutana naye. Akaombwa akichukue, akakimaliza kwa njia yake. Mwaka 2012 kikapata tuzo mbili za Uingereza za vitabu vya watoto, medali ya Carnegie kwa maandishi na ya Kate Greenaway kwa picha, na hakuna kitabu kilichowahi kuzibeba zote mbili kabla yake. Ukikisoma huku unalijua hilo, unasikia kuna mtu wa tatu chumbani.

Dada yangu alikuwa na maradhi hayohayo. Nyumbani kwetu hatukuyataja kwa jina. Tulisema "yale maradhi," au "mambo yake," au tulinyamaza mtoto akipita. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa fotokopi za karatasi zake za bima na za matibabu, na kwa kuwa nilizipitisha kwenye kioo mara nyingi, jina la dawa moja lilinikaa kichwani: paklitakseli. Baadaye, kitabu kilipofika pale madaktari wanapomjaribia mamake Conor dawa ya mwisho iliyotengenezwa kutokana na mti wa yew, nikaweka kitabu chini nikaenda kutafuta. Ni kweli tupu. Paklitakseli ilipatikana kwenye maganda ya mti wa yew wa pwani ya Pasifiki ya Marekani. Watafiti walianza nayo miaka ya sitini, na ikaruhusiwa huko mwaka 1992. Ndugu yake, dosetakseli, chanzo chake ni majani ya yew wa Ulaya, wa aina ya yule wa kanisani. Kwa hiyo zimwi la Conor lilikuwa limeniingia nyumbani zamani, limening'inia kwenye chupa, likishuka tone moja moja kwenye mkono wa dada yangu, nami sikulijua. Nilimweleza Bwana Mdogo. Alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa mbona halikufanya kazi?" Conor naye anauliza swali hilohilo, tena kwa hasira, na jibu la zimwi ni kwamba halikuja kumponya mama, lilikuja kwa ajili ya mtoto. Mimi sikuwa na jibu zuri kama hilo. Nilimwambia lilifanya kazi kwa mwaka mmoja na nusu, na mwaka ule ndio aliomfundisha kuogelea Lighthouse.

Sasa hadithi zenyewe tatu. Bibi alianza kila usiku kwa kusema "Paukwa," nasi "Pakawa," halafu akakaa kama hakimu. Ya kwanza ilimuudhi. Kuna mwana wa mfalme, kuna malkia anayeaminiwa kuwa mchawi, kuna binti wa mkulima anayeuawa. Msomaji anajua tayari nani muuaji, kumbe siye, aliyeua ni kijana mwenyewe, na bado anakuja kutawala vizuri na watu wanampenda. "Hadithi gani hii mwovu hapati lake?" akasema bibi. Nikamkumbusha Sungura. Maisha yake yote ni wizi na uongo na kila hadithi anatoka mzima. Akasema Sungura ni mnyama.

Ya pili ndiyo iliyotuweka macho. Kuna mtabibu wa mitishamba, bahili na mkali, anayetaka kuukata mti ule kwa ajili ya dawa. Kuna mchungaji anayemkatalia na kuwageuza watu dhidi yake, mpaka mtabibu anakosa kazi. Kisha mabinti wawili wa mchungaji wanaugua, naye anarudi akipiga magoti: chukua mti, nitakuhubiria wema, nitaacha kila nilichokiamini. Mtabibu anakataa, watoto wanakufa, na zimwi linabomoa nyumba, lakini si ya mtabibu, ni ya mchungaji. Hapo palizuka ugomvi wa kweli sebuleni kwetu. "Alikosa nini?" bibi akauliza. "Mwana akiumwa unatoa unachoulizwa. Mti ni nini? Ningeliutoa mti na nyumba na jicho." Mwaka ule aliuza bangili zake mbili za dhahabu na hakuna aliyemsikia akizitaja tena. Bwana Mdogo akasema, lakini yeye ndiye aliyemharibia mganga kazi kwanza, bibi. Bibi akasema astaghfirullah, akatupeleka kulala.

Ndani ya hadithi hiyo Conor anajiona akilisaidia zimwi kubomoa, anavunja madirisha, anapasua mbao, anafurahia. Akizinduka yuko sebuleni kwa bibi yake mwenyewe, ile sebule isiyoguswa, na ameiteketeza yote kwa mikono yake. Bibi huyo wa Kiingereza hadi hapo alikuwa mtu mkavu, wa suti na usafi, asiyempendeza mtu. Anaingia, anaona. Hasemi neno. Anatoa mlio, halafu anakwenda kwenye kabati la vyombo, kitu pekee kilichobaki kimesimama, analivuta linaanguka. Kisha anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, na Conor anamsikia akilia.

Bibi yetu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akageuka akaliangalia kabati lake, lile la vioo, lenye sahani za kaure na vikombe vya kahawa ambavyo hajawahi kumtilia mgeni kahawa. Hakutoa maoni. Ila asubuhi yake nilimkuta anaosha vile vikombe, na tangu siku ile tunavitumia.

Hadithi ya tatu ni fupi mno, karibu haipo, na sehemu za wale watoto wakorofi wa shuleni mimi nilizisoma kama mtu anayepita sokoni akijua anakokwenda. Watoto wanaomwonea mwenzao tumeshawaona vitabuni tele. Isipokuwa jambo moja. Kiongozi wao anatambua adhabu kali kuliko ngumi, ambayo ni kuamua hamwoni tena. Hata walimu, Conor akiharibu jambo, hawamwadhibu, wanamhurumia. Nilidhani hapo mwandishi amezidisha. Bwana Mdogo akasema, "La, ndivyo hivyo. Mimi mwalimu hata kazi ya nyumbani haniulizi. Anapita dawati langu kama pana maji yamemwagika."

Na hapo ndipo Lily anapoingia. Ukisoma sifa za kitabu hiki utakuta watu wanasifu zimwi tu. Kwetu, aliyesemwa zaidi alikuwa huyu msichana, na laiti mwandishi angempa kurasa zaidi. Ni rafiki wa Conor tangu utotoni, mama zao ni marafiki. Aliposikia mama wa Conor anaumwa akawaambia wenzake wachache, hao wakawaambia wengine, na siku moja Conor akaingia darasani akakuta kila mtu anamtazama kama yai. Hakumsamehe. Lily anampigania, yeye anamkana mbele ya mwalimu. Mwishowe Lily anampitishia kikaratasi kilichokunjwa: anaomba radhi, anasema anaukumbuka urafiki wao, na kwamba yeye anamwona.

Bwana Mdogo alikuwa na rafiki wa mtaa, wa mpira na wa kula viazi vya karai kwa zamu. Siku ya maziko alisimama pembeni ya kichochoro na watoto wengine. Siku ya hitima hakuja. Miezi mitatu akawa akituona anapinda kona nyingine. Nilimwekea kinyongo mtoto wa watu, nakiri. Baadaye mamake akaniambia ni yeye aliyemkataza: "Nilimwambia asiende kuwasumbua wafiwa." Kwa nia njema kabisa. Sisi watu wazima tunajua la kufanya msibani. Tuna jamvi, tuna hema, tuna dele la kahawa chungu, tuna maneno yaliyopangwa tangu enzi za mababu, unayasema hata kama akili imeganda. Lakini hakuna aliyemfundisha mtoto mtoto mwenzake anamwambia nini. Tunampa mfiwa mdogo pipi, tunampeleka kwa jirani akatazame katuni, na rafiki yake tunamwambia asisumbue.

Usiku wa kikaratasi cha Lily, Bwana Mdogo alisoma ukurasa ule mara mbili, ya pili kimya. Jumamosi alitoka na mpira. Aliporudi walikuwa wawili. Walikaa barazani hadi magharibi wakicheza mchezo kwenye simu yangu, wakaimaliza chaji yote, na kwa jinsi nilivyosikia mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya dirisha, hawakutaja kifo hata kidogo. Walibishana juu ya penalti.

Nifike kwenye kweli ya nne. Asiyetaka kuijua aruke kifungu hiki, ingawa sidhani kitabu kinaficha sana. Conor anaota amemshika mamake mikono ukingoni mwa jabali, mama anaponyoka, anaanguka. Kila mtu angedhani anaogopa kwa sababu alishindwa kumshika. Kweli yenyewe ni kwamba alimwachia. Alikuwa amechoka kungoja, alitaka yaishe, na kutaka yaishe maana yake ni kutaka afe, na anaamini kwa wazo hilo amemuua. Zimwi halimwambii kuwa hakulitaka. Linamwambia ndiyo, ulilitaka, na pia hukulitaka, moyo mmoja unabeba yote mawili.

Nilipokuwa nafasiri sehemu hiyo sauti ilinikauka, maana nililijua wazo lile. Wiki za mwisho sote tulilisema kwa sauti. Bibi aliinua mikono usiku akasema, "Ya Rabbi, kama kuna kheri, mpumzishe." Nami nikaitikia amina. Majirani wakaitikia. Mtu mzima ana dua ya kulisemea jambo hilo, ana neno laini la kulifunika, na akishasema analala. Mtoto hana dua hiyo. Ana wazo tupu, limemjia akiwa anasikiliza mamake akiguna kwa maumivu upande wa pili wa ukuta, na anajua ni yeye peke yake duniani aliyeliwaza. Katika mambo yote ya kitabu hiki, hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Bwana Mdogo alikigeuza kitabu kifudifudi mezani na hakukigusa siku nne. Siku ya tano bibi alikuwa anachambua mchele ungoni. Akaja akakaa chini karibu naye. "Bibi, ile siku uliyoomba apumzike. Ulikuwa unataka afe?"

Mimi nilikuwa mlangoni na mfuko wa mkaa mkononi. Bibi aliendelea kuchambua, akatoa chuya moja, ya pili, ya tatu.

"Ndiyo," akasema.

"Hata mimi," akasema Bwana Mdogo.

"Haya. Niletee maji ya kuoshea."

Usiku ule tulimaliza kitabu.

Kina kasoro. Kiingereza chake ni chepesi, lakini Uingereza imejaa ndani bila kuelezwa, na mtoto anayesoma peke yake atapotea mahali. Hakuna anayeomba dua kitabu kizima, jambo ambalo bibi alilitaja mara tatu: "Watu hawa hawana hata Mungu wa kugombana naye?" Hakuna jirani anayegonga mlango na sufuria. Na kinaishia hospitali, hakifiki makaburini. Bwana Mdogo aligeuza ukurasa wa mwisho akatafuta wa mbele yake. "Mbona hawakumzika?" Yeye alizika. Alikwenda Kikowani na wanaume, akatupa udongo kwa mikono yake mara tatu, akarudi na mchanga kwenye kucha. Mimi ni mwanamke, nilibaki nyumbani, kaburi la dada yangu sikuliona likifunikwa. Kwa mara ya kwanza akanisimulia: jinsi walivyomlaza kwa ubavu, nani alishuka ndani, na kwamba kulikuwa na siafu. Ukurasa uliokosekana kitabuni kaujaza yeye. Sijui kama niihesabu kasoro.

Ila kuna jambo alilisema ambalo bado linanitembelea. Kitabuni bibi wa Conor anakuja kumchukua mbio usiku, anamwendesha hadi hospitali, na mtoto anafika kwa wakati. Anamshika mamake, anasema asichoweza kusema, nje saa ikielekea zile dakika saba. Bwana Mdogo akasema, "Conor kabahatika."

Yeye siku ile alikuwa chuoni. Alirudi alasiri, juzuu kwapani, akakuta viatu vingi mlangoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Alijua kwa viatu. Na aliyemwambia asubuhi aende chuoni kama siku zote, mamako mzima, usiwe na wasiwasi, ni mimi. Nilijua hali yake. Nilidhani namlinda. Nilimwomba radhi usiku ule, na kitabu kiko wazi kati yetu, nikasema neno zima zima bila kulilainisha: nilikudanganya. Alisema, "Najua, mamdogo. Nilijua tangu asubuhi, lakini nilikwenda."

Filamu yake ya mwaka 2016 tuliitazama baadaye. Sauti ya zimwi ni ya Liam Neeson na bibi aliipenda, akasema inafaa kuadhini. Mwishoni wameongeza daftari la michoro ambalo kitabuni halimo. Bwana Mdogo alilifurahia. Mimi niliona wamemtafunia mtazamaji. Anza na kitabu.

Kwa umri, ningesema miaka kumi na moja kwenda juu, na sio katika siku arubaini za mwanzo. Usimpe mtoto ukaondoka. Keti, hata kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, na kama nyumbani kuna bibi, bora zaidi.

Haya yote nimeyaandika bila kitabu mkononi. Rafiki wa mpira alikiomba, wiki tatu sasa, na nikiuliza naambiwa yuko hadithi ya pili na anabishana na mamake juu ya mchungaji. Nimerudi Mwembe Tayari kutafuta nakala nyingine. Yule bwana wa turubai hana. Amenipa namba yake nimpigie mwisho wa mwezi mzigo mpya ukifika, na amenionya bei haitakuwa ile ya 350, maana safari hii anajua ninachotafuta.